Kumvuta asiyependa filamu za kuimba: maandalizi ya usiku mmoja Lamu

Mtu wa Lamu akikwambia hapendi filamu za kuimba, usimbishie. Muulize kwanza ni picha gani ya Kihindi anayoikumbuka. Mara nyingi ataitaja papo hapo, na wimbo wake juu, kwa sababu pwani hii imezisikiliza sauti za Lata Mangeshkar na Mohammed Rafi kwa miaka mingi, na waimbaji wetu, Juma Bhalo akiwa mashuhuri kati yao, walitia mashairi ya Kiswahili katika tuni za filamu hizo. Mtu huyu hana ugomvi na kuimba. Ana ugomvi na kitu kingine, na hicho ndicho cha kukijua kabla hujachagua filamu wala kuwasha mashine.

Analalamikia nini hasa

Lalamiko kubwa kuliko yote ni hili: "Walikuwa wakizungumza vizuri, mara wakaanza kuimba." Pale maneno yanapogeuka wimbo ndipo filamu inapompoteza. Hapo tutapaita kivuko. Watu hukwama hapo kwa sababu tatu. Kwanza, ndani ya hadithi hakuna anayeshangaa, kwa hiyo mtazamaji hubaki peke yake na mshangao wake. Pili, sauti hubadilika. Filamu nyingi za namna hii hurekodi nyimbo studio mapema, kisha mbele ya kamera waigizaji hufuatisha kwa midomo. Mwangwi wa chumba, nyayo, upepo wa dirishani, vyote hutoweka ghafla na mahali pake huingia sauti safi ya studio. Asiyejua ufundi huu hawezi kueleza kilichomkera, lakini sikio lake limekinasa. Tatu, hadithi husimama. Wimbo ukichukua dakika nne, na mwisho wake kila mtu yuko pale pale alipokuwa, mtazamaji ana haki ya kuona amecheleweshwa.

Lalamiko la pili lina uzito kwetu kuliko linavyohesabiwa kwingine: maneno hayashikiki. Msikilizaji wa pwani husikiliza maneno kwanza. Amekulia katika tendi na kasida, na katika nyimbo za harusi ambazo fumbo lake hurushwa kwa mtu maalumu aliyeketi pale pale, naye akajua. Mtu wa sikio la namna hiyo ukimpa wimbo asioelewa hata neno moja, umempa kelele. Kushindwa kwingi kunakodhaniwa ni kwa filamu huwa ni kwa maandishi ya chini, ile tafsiri inayopita chini ya picha, na jambo hili tutalirudia kwa urefu.

Wapo wanaolalamikia muda tu, na hao dawa yao ni filamu fupi. Wapo pia wanaokataa kwa staha: mavazi, ngoma za mwili, mabusu mbele ya wazee. Huyo si wa kushawishiwa. Mchagulie filamu isiyo na hayo, au mwache na usiku wake.

Filamu ya kwanza ichaguliwe kwa kivuko chake

Kwa mtu wa lalamiko la kwanza, anza na filamu ambamo kila wimbo una sababu ya kuimbwa na watu waliomo ndani ya hadithi wanausikia. Bora katika hizo ni *Once* ya mwaka 2007, iliyoongozwa na John Carney. Ni ya dakika 86 hivi. Inatokea Dublin, Ayalandi. Mwanamume anaimba barabarani kwa gitaa apate sarafu, na mchana anatengeneza mashine za kuvutia vumbi katika duka la babake. Mwanamke mhamiaji kutoka Cheki anauza maua, anajua piano, na ana mashine ya vumbi iliyoharibika. Waigizaji wakuu, Glen Hansard na Markéta Irglová, ni wanamuziki kweli, na wimbo wao "Falling Slowly" ulipata tuzo ya Oscar. Wanauimba ndani ya duka la vinanda, mmoja akimfundisha mwenzake namna ya kuupiga, na mtazamaji haoni kivuko chochote kwa sababu anashuhudia watu wakijaribu wimbo.

Angalia kwa makini pale mwanamke anapotoka usiku kununua betri za kicheza CD cha masikioni, kisha akarudi nyumbani kwa miguu akiwa na nguo za kulalia, akiyaimba maneno aliyoyatunga juu ya muziki anaousikia. Sababu ya kuimba ipo, lakini kamera inamfuata mtaani sawasawa na filamu ya kuimba ya kale. Hapo ndipo mtu wako anapovuka bila kujua. Usimwambie. Tahadhari moja: filamu hii ina matusi mengi ya Kiingereza. Mapenzi yake yana staha kubwa, ila midomo ya Dublin haina, kwa hiyo haifai mbele ya watoto wala ya mzee asiyestahimili.

Kwa mpenda mpira na mashindano, mlango wake ni *Lagaan* ya 2001, ya Ashutosh Gowariker, muziki wa A. R. Rahman. Ni mwaka 1893, wanakijiji wa India wanadaiwa kodi wakati wa ukame, na afisa wa Kiingereza anawapa changamoto: wakishinda mechi ya kriketi watasamehewa kodi miaka mitatu, wakishindwa watalipa mara tatu. Hakuna haja ya kujua kriketi, kwa sababu wanakijiji nao hawaijui na wanafundishwa mbele yetu. Wimbo wa mvua, "Ghanan Ghanan", ni mfano mzuri wa wimbo unaobadilisha hali. Mawingu yanatanda, kijiji kizima kinatoka kushangilia, ngoma zinapigwa, na wimbo unapokwisha mawingu yamepita bila kudondosha tone. Walianza na matumaini, wamemaliza bila mvua, na sasa wana sababu ya kwenda kwa raja. Tatizo la filamu hii ni urefu, dakika 224. Ioneshe kwa siku mbili, ukikata penye mapumziko iliyowekewa na watengenezaji wenyewe. Mechi huchukua zaidi ya saa nzima ya mwisho, basi siku ya pili haina haja ya kubembeleza mtu.

Kwa wazee, hasa kina mama waliokuwa wakienda sinema enzi zao, usianze na filamu nzima. Anza na wimbo mmoja, "Pyar Kiya To Darna Kya" wa *Mughal-e-Azam* (1960). Anarkali, mcheza ngoma wa kasri, anasimama mbele ya mfalme Akbar na kutangaza kwa wimbo kwamba aliyependa hana la kuogopa, na sura yake inatokea katika mamia ya vioo vya dari. Anayekusudiwa yupo ukumbini, anasikia, na anaghadhibika. Hakuna haja ya kumweleza mama wa Lamu wimbo huo unafanya kazi gani. Filamu ilitoka kwa rangi nyeusi na nyeupe, isipokuwa sehemu chache zikiwemo hizi za vioo, na mwaka 2004 ikatolewa yote kwa rangi. Kwa wimbo huu tafuta nakala ya kale ukiweza. Rangi zinapotokea baada ya saa nzima za kijivu, mtu huketi wima.

Kwa anayesema filamu za kuimba ni za mchezo na utamu tu, mpe *Sarafina!* ya 1992, na Leleti Khumalo, Whoopi Goldberg na Miriam Makeba. Ni wanafunzi wa Soweto katika kipindi cha maandamano ya 1976. Baadhi ya nyimbo ni ndoto za msichana anayetaka kuwa nyota, baadhi ni za maandamano na mazishi, na hizi za pili hazihitaji kisingizio kwa sababu Afrika Kusini watu waliandamana na kuzika wakiimba kweli. Ina mateso ya gerezani na mauaji ya kutisha, kwa hiyo isioneshwe watoto wadogo, ingawa jalada lake lina sura ya shule. Watoto wana *The Lion King* ya 1994, dakika 88, na hao hawakuhitaji mwongozo wowote.

Zisizofaa kuanza nazo

*The Sound of Music* (1965) inapendwa sana, na wapendaji wake ndio wanaoharibu kazi kwa kuanza nayo. Inakaribia saa tatu, na nyimbo zake kadhaa ni za watoto. *Les Misérables* ya 2012 ina dakika 158 na karibu yote imeimbwa. Waigizaji waliimba moja kwa moja mbele ya kamera, wakifuata piano waliyoisikia masikioni, jambo linaloondoa lile tatizo la sauti ya studio, lakini kamera inawakaribia usoni kwa muda mrefu mno kwa mtu asiyezoea. *La La Land* ya 2016 ni nzuri, ila dakika zake za kwanza kabisa ni foleni ya magari juu ya barabara ya Los Angeles ambapo watu tusiowajua bado wanatoka garini na kuanza kuimba na kucheza. Kivuko kigumu kuliko vyote kimewekwa mlangoni. Iweke nyuma.

Filamu nyingine usiyoijua ipime hivi: nenda moja kwa moja kwenye wimbo wa kwanza. Je, kuna mtu katika hadithi anayeusikia? Ukiisha, kuna kilichobadilika? Ukiukata wimbo huo, hadithi itakatika? Majibu mawili ya ndiyo yanatosha kwa filamu ya kwanza. Likiwa moja, isubiri.

Maandishi ya chini

Hapa ndipo penye kazi, na anayepaacha asilaumu filamu. Faili nyingi za maandishi ya chini zinazozunguka zimetafsiri mazungumzo tu. Wimbo ukianza unaona alama ya noti ya muziki, na kimya hadi wimbo uishe. Fungua faili yako mapema, nenda kila wimbo, hakikisha maneno yapo. Kasoro ya pili ni filamu zilizotafsiriwa kwa sauti na madijei. Kwa filamu za mapigano zina raha yake, lakini kwa filamu ya kuimba dijei huzungumza juu ya wimbo, na wimbo ukifunikwa hukubaki na kitu.

Kama Kiingereza chaweza kumchosha mtu wako, tafsiri nyimbo wewe mwenyewe kwa Kiswahili na uache mazungumzo kwa Kiingereza. Programu ya bure ya Subtitle Edit inatosha, na hata programu ya kawaida ya kuandikia inatosha. Faili ya srt, yaani faili ya maandishi ya chini, ni maandishi matupu: namba ya mstari, chini yake muda wa kuanza na kuisha kwa mfano huu, 00:12:05,300 --> 00:12:09,000, chini yake maneno, kisha mstari mtupu. Usizidishe mistari miwili kwa mara moja, wala herufi 40 hivi kwa mstari. Kiswahili kina maneno marefu na jicho likisoma halioni ngoma. Yaache maneno sekunde tatu hadi sita. Kibwagizo kitafsiri mara ya kwanza tu, kinaporudi acha skrini wazi watu watazame. Na usitafute vina. Sisi watu wa mashairi tunashawishika kutia vina na mizani, kisha maana inapindwa ili vina vya kati na vya mwisho vikae sawa. Andika maana kwa maneno ya kawaida, uzuri uachie sauti. Wimbo wa dakika nne utakuchukua jioni moja mara ya kwanza, baadaye nusu yake.

Hifadhi faili kwa mfumo wa UTF-8, ipe jina lile lile la filamu, na uiweke katika folda moja nayo, programu ya VLC itaichukua yenyewe. Maandishi yakiwa yametangulia au yamechelewa kwa kiasi kile kile filamu nzima, bonyeza G au H kwenye laptopu, kila mbonyezo ni milisekunde 50. Lakini yakianza sawa kisha yakazidi kuachana kadiri filamu inavyokwenda, G na H hazitakusaidia. Hiyo ni faili iliyotengenezwa kwa nakala yenye kasi nyingine ya picha, 25 kwa sekunde badala ya 23.976, na kwa saa moja tofauti hufika dakika mbili na nusu. Badilisha kasi hiyo ndani ya Subtitle Edit, au tafuta faili nyingine.

Sauti, ukuta na stima

Spika ya Bluetooth ni adui wa filamu hizi. Sauti inayopita hewani huchelewa, mara nyingi kati ya sehemu ya kumi na robo ya sekunde. Filamu ya mapigano inavumilia. Midomo inayoimba haivumilii, na nyayo za mcheza ngoma zinazogonga baada ya mguu kutua ndizo mbaya zaidi. Tumia waya wa milimita 3.5 kutoka laptopu hadi spika. Ukilazimika kutumia Bluetooth, simamisha kwenye sura inayoimba kwa karibu, cheza, na bonyeza J katika VLC hadi mdomo na sauti vikutane. Ukizidisha, K hurudisha. Fanya hivyo mchana, si mbele ya wageni.

Kama filamu ina sauti ya njia sita na wewe una spika mbili, mazungumzo yaweza kusikika kama mnong'ono halafu wimbo ukapasua ukuta. Chagua njia ya stereo kwenye menyu ya sauti kama ipo. Kisha tafuta wimbo wenye kelele kuliko zote katika filamu, upange sauti kwa huo, na usiiguse tena. Anayepanga sauti kwa mazungumzo ya mwanzo hulazimika kukimbilia kitufe wimbo wa kwanza unapoanza, na kule kukimbia kunathibitisha kila kitu ambacho mgeni alikuwa akikilalamikia.

Nyumba ya mawe ya Lamu ina ukuta mzuri na mwangwi mbaya. Ukuta uliopigwa chokaa laini ndio skrini bora kuliko kitambaa chochote, na kiwanda, yaani ua wa katikati ya nyumba, usiku kina giza la kutosha. Lakini kuta hizo hizo hurudisha sauti, na maneno ya wimbo huyeyuka. Piga kofi moja ukiwa katikati. Likilia na kuendelea, tandika mabusati sakafuni, weka mito, na tundika shuka nzito au zulia kwenye ukuta unaoelekeana na spika. Spika ziwe pande mbili za picha, usawa wa masikio ya walioketi. Zisiwekwe nyuma ya watu hata kama waya ni mfupi, kwa kuwa sauti inayotoka mgongoni inamvunja mtu na uso anaoutazama.

Darini kuna hewa, lakini kuna upepo. Shuka iliyotundikwa kwa kamba itapepea, iwe kusi iwe kaskazi, na mchezaji atapinda kiuno pasipotakiwa. Shona pindo pana juu na chini, ingiza ufito mnene wa mkoko katika kila pindo, funga wa juu kwenye nguzo na wa chini kwenye mawe au madumu ya maji. Nyuma ya shuka weka kitambaa cheusi, nuru isipenye. Usiku wa mbalamwezi picha hufifia, basi angalia mwezi kabla ya kualika. Projekta za bei ndogo huandikwa maelfu ya lumeni (kipimo cha nuru) ambazo hazipo. Tafuta kipimo chenye neno ANSI, na lumeni 1,000 za ANSI zinatosha kwa picha ya upana wa mita mbili gizani. Projekta nyingi hukaa mita tatu hivi kutoka ukutani kwa upana huo.

Wenye televisheni wafanye mambo mawili. Zima ule mpangilio wa kulainisha mwendo, unaofanya filamu ionekane kama mechi ya moja kwa moja. Kisha usivute picha ijaze kioo. Filamu za zamani zina umbo la karibu mraba na zitaacha weusi pembeni. Ukiitanua, watu wanakuwa wanene. Ukiikuza, unakata miguu, na katika ngoma ya Gene Kelly, mcheza dansi wa Hollywood, miguu ndiyo yenye habari.

Stima ikikatika katikati ya wimbo ni vigumu kumrudisha mtu. Betri ya 12V ya 100Ah, ukiitumia nusu ili isife mapema, inatoa takriban saa-wati (Wh) 500 baada ya hasara ya inveta. Projekta ya taa ya wati 200 itakwenda saa mbili na nusu, kwa hiyo *Once* inaisha na *Lagaan* haiishi. Laptopu iwe imejaa yake mwenyewe.

Usiku wenyewe

Anza baada ya Isha, saa mbili na robo ni wakati mzuri, na filamu ya dakika 90 itaisha kabla jirani hajakereka. Mitaa yetu ni myembamba na dirisha la jirani liko karibu. Epuka usiku wa kuamkia Ijumaa, wengi wana nyiradi na maulidi, na mwezi wa Ramadhani uache. Ukianza mapema zaidi, jua adhana itaingia dakika gani, na usimamishe kwenye mazungumzo kabla yake, usikatwe ndani ya wimbo.

Waalike watano au sita. Asiyependa awe mmoja. Wakiwa wawili watatazamana wimbo wa kwanza unapoanza, na kutazamana kule hakuponi. Kahawa na kashata zitolewe kabla. Bajia za moto zisubiri mapumziko, kwa sababu sahani inayopitishwa mkono kwa mkono hufika kwake daima wakati wa wimbo. Maelezo yako yawe sentensi mbili: hadithi ni ya nani, na anataka nini. Usiseme "utaipenda". Usiseme "subiri wimbo unaokuja".

Na usiimbe. Hili ni gumu kwa mpenda filamu hizi kuliko mengine yote. Ukifuatisha maneno, hata kwa mdomo bila sauti, unamgeuza mgeni kuwa mtu aliyeingia kwenye shughuli ya wengine. Akicheka wimbo wa kwanza, mwache acheke. Wengi hucheka kivukoni kwa aibu, na kicheko hicho hupungua wimbo wa pili. Akiuliza swali wakati wa wimbo, mjibu baada ya wimbo. Baada ya nusu saa akitaka kutoka, atoke bila kuulizwa sababu.

Filamu ikiisha, usimuulize kama ameipenda. Atakujibu kwa adabu na hutajua lolote. Muulize, "Wimbo gani ulikuwa mrefu?" Akitaja ule ambao hadithi ilisimama, lalamiko lake ni la kivuko, endelea na filamu ambamo kila wimbo hufanya kazi. Akitaja ule ambao maandishi yake yalikuwa mabaya, kosa ni la maandalizi. Akisema hakuna, mwalike tena wiki ijayo, si kesho.

Ukionesha hadharani, mfano uwanjani au Mkunguni mbele ya ngome, na hasa ukitoza kiingilio, unahitaji leseni ya Bodi ya Kuainisha Filamu Kenya na idhini ya mwenye haki za filamu. Angalia pia daraja la umri, GE, PG, 16 au 18. Nyumbani, daraja hilo hilo bado ni mwongozo mzuri.

Filamu za usiku unaofuata

Ya pili kwa mtu wa *Once* ni *Singin' in the Rain* ya 1952, dakika 103, ya Gene Kelly na Stanley Donen. Inahusu Hollywood pale filamu bubu zilipoanza kusema, mwaka 1927, na nyota mwenye sura nzuri na sauti mbaya. Waliomo ni watu wa jukwaani, kwa hiyo kuimba ni riziki yao, kisha taratibu filamu inawatoa jukwaani hadi mtaani kwenye mvua. Kelly anapocheza na mwavuli wake, polisi anafika na kumtazama, naye anaona haya na kwenda zake. Filamu yenyewe imeweka mtu wa kushangaa, na ndiyo maana kivuko kile kinapitika. Kuna pia onyesho ambamo sauti inaachana na picha, maneno ya mwanamke yanatoka kwa mwanamume, na ukumbi mzima unaangua kicheko. Kama spika yako inachelewa, wageni hawatajua kama hilo ni mzaha au ni ubovu wa mashine yako.

Ya tatu, kwa watu wazima tu, ni *Chicago* ya 2002, ya Rob Marshall, iliyopata Oscar ya filamu bora. Nyimbo zake nyingi zinatokea kichwani mwa Roxie, mfungwa anayeota umaarufu. Wakili anapozungumza na waandishi wa habari, tunamwona amempakata Roxie kama mwanasesere na kumsemesha. Wimbo hapo unasema ukweli ambao mazungumzo yanauficha, na sikio lililozoea mafumbo litaufurahia. Mavazi ni mafupi kuanzia mwanzo hadi mwisho, basi jua unamwalika nani.

*U-Carmen eKhayelitsha* (2005) imechukua opera ya Bizet, mchezo wa jukwaani wa kuimbwa wa 1875, na kuipeleka mtaa wa Khayelitsha, Cape Town, kwa Kixhosa, nayo ilishinda Dubu wa Dhahabu Berlin. Humjibu vizuri anayesema mambo haya ni ya Wazungu. Lakini sauti ya opera ni kizuizi kingine kizima, kwa hiyo isije kabla ya ya nne.

Kisha *Les Parapluies de Cherbourg* ya Jacques Demy, 1964, muziki wa Michel Legrand, dakika 91. Hapa kivuko kimeondolewa kabisa, kwa sababu kila neno limeimbwa, hata mafundi wa gereji wakizungumzia injini. Karibu na mwanzo fundi mmoja anasema hapendi opera, watu wanaoimba wanamkera, yeye anapendelea sinema, na anayasema hayo kwa kuimba. Kijana anapelekwa vita vya Algeria, msichana anabaki. Ni hadithi ya watu wa kawaida na bei ya petroli, bila dansi za kundi. Aliyezoea utendi ukisomwa kwa sauti ya mahadhi toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho atatulia ndani yake baada ya dakika kumi. Kwa kuwa hakuna mstari hata mmoja usioimbwa, maandishi yake ya chini ni kazi ya filamu nzima. Anza kuyatafsiri wiki tatu kabla, onyesho moja kila jioni, na mpe mtu mwingine ayasome bila picha kabla hujaalika mtu.